Kifaru wa Mkwe

Mama Nembo alikuwa amebandika kipande cha kitambaa cheusi kwenye kona ya chini ya skrini ya kompyuta yake, upande wa kulia. Nilipohamia chumba cha uani nilidhani skrini imepasuka. Siku aliponiita sebuleni kunionyesha kazi yake nikamuuliza, naye akakinyanyua kitambaa kwa kidole kimoja, kama mtu anayefunua kidonda. Chini yake palikuwa na kijisanduku chekundu chenye picha ya kifaru na maandishi: HATARI IMEGUNDULIWA.

"Hatari yenyewe ni nini?"

"Mimi," akasema, akakirudisha kitambaa mahali pake.

Kazi yake ni kudarizi nembo. Anadarizi za shule, za hoteli, za vilabu vya mpira, za kampuni za ulinzi, na hata majina ya maharusi kwenye mataulo ikibidi. Mashine ya kudarizi imechukua ukuta mzima wa sebule, makochi yamesukumwa upande mmoja, na wageni hukaa magoti yao yakigusana. Kompyuta iko kwenye meza ya kulia chakula. Hapo ndipo anapochora, kwa programu ya zamani aliyoinunua pamoja na mashine, vyote vya mtumba. Programu hiyo hugeuza mchoro kuwa safari ya sindano: hapa ishuke, hapa iruke, hapa isimame ibadilishiwe uzi. Mchoro ukikamilika huingia kwenye flashi, flashi inachomekwa kwenye mashine, na sebule nzima inaanza kutetemeka.

Waliotengeneza programu ile walifunga biashara zamani. Kwa hiyo machoni pa Kifaru, yaani ile antivairasi ya kwenye kompyuta, ilikuwa mgeni asiye na kitambulisho. Kila Kifaru alipopata masasisho mapya kutoka mtandaoni aliikamata, akaifungia karantini. Mama Nembo alikuwa amejifunza kuitoa: unafungua hapa, unabonyeza pale, unaapa kwamba unaielewa hatari, inaachiliwa. Masasisho mengine yakija, Kifaru amesahau kila kitu, anaikamata upya.

Nimekaa kwenye nyumba za watu wengi, na katika kila lugha niliyojifunza nimekuta watu wakiizungumzia kompyuta ama kama mgonjwa ama kama mhuni. Mama Nembo alimzungumzia Kifaru kama ndugu aliyeletwa kukaa kwake. Hakumwalika, anamharibia nyumba, na kumfukuza hawezi.

"Si umtoe tu?" nikamwambia siku moja, kwa ujinga wa mpangaji mgeni.

Aliniangalia kwa huruma. "Kifaru ni wa mkwe wangu."

Mkwe mwenyewe anaitwa Baba Pacha, na kazi yake ni wakala wa bima. Alipokuja kuposa, sebule ilijaa jamaa za pande mbili, na msemaji wa upande wao akaeleza kwa maneno ya asali jinsi kijana huyu anavyowakinga watu na majanga: moto, wizi, ajali, ugonjwa. Mama Nembo akainama sikioni kwa kaka yake akanong'ona, "Yaani anauza woga."

Tatizo ni kwamba maisha yake yote alikuwa amezoea kunong'ona juu ya mngurumo wa mashine. Siku hiyo mashine ilikuwa imezimwa kwa heshima ya wageni. Sebule nzima ilisikia.

Ndoa ilifungwa. Hakuna aliyelitaja neno lile tena. Lakini kijana akawa mkwe wa kivuli: anakuja, anasalimia akiwa ameinamisha kichwa, anakaa kochi la karibu na mlango, hali chakula isipokuwa kumega tu, anaaga. Akiwa na jambo anamwambia mkewe, mkewe anamwambia mama. Hivyo hivyo, miaka. Kisha pacha wakazaliwa, na alasiri moja akaja peke yake, na kijisanduku cha Kifaru mkononi. Akaomba ruhusa ya kukaa kwenye kompyuta. Akakaa hadi jua likazama, akifuta huku akiweka kule, na alipomaliza akasimama akasema, "Mama, sasa uko salama."

"Ndiyo sentensi ya kwanza aliyowahi kuniambia ambayo si salamu," Mama Nembo aliniambia. "Ningefanya nini? Mtu anakuletea kitu kile kile ulichomtukania, amekununulia kwa pesa yake, anakuwekea kwa mkono wake. Unapokea kwa mikono miwili. Nikimtoa Kifaru leo, nitakuwa nimelirudia lile neno. Safari hii bila hata ya kunong'ona."

Kwa hiyo Kifaru alikaa. Baada yake akaja Jicho. Hilo lilikuwa la kaka yake Mama Nembo, dereva mstaafu, aliyesikia mahali kwamba mtu mwenye akili hategemei mlinzi mmoja. Akaja na flashi, akaiweka antivairasi ya pili juu ya ya kwanza. Jicho likamwona Kifaru ni jambazi. Kifaru akaliona Jicho ni mwizi wa mchana. Wakakamatana wao kwa wao mchana kutwa, na kompyuta ikawa ya kuwashwa kwanza halafu mtu aende kuosha vyombo.

Kuliondoa Jicho hakukuhitaji mashauri. Nilikuwepo.

"Njoo utoe takataka yako!" Mama Nembo alimwambia kaka yake kwenye simu.

"Takataka? Si ndiyo inayokulinda na huyo mnyama wa mkweo!"

"Nani kakwambia nahitaji kulindwa? Mimi nahitaji kufanya kazi, kaka."

"Wewe shukrani hujaumbiwa."

"Sijaumbiwa. Njoo utoe."

Akaja, akatoa, wakala pamoja, wakacheka. Huyo ni wa damu, utamgombeza asubuhi na jioni mnapakua sufuria moja. Mkwe si hivyo.

Mambo yangeendelea kwa kitambaa cheusi na kuapa-apa, kama si kazi ya zimamoto. Kikosi cha zimamoto kilikuwa kinabadilisha sare, na kamanda wao, mtu mfupi mwenye haraka, alimpa Mama Nembo kazi ya nembo ya begani: ngazi, bomba la maji, na mwali wa moto. Mwali ndio uliomtoa jasho. Alitaka rangi zipande kutoka nyekundu hadi njano bila jicho kuona zilipokutania. Alichora, akafuta, akachora. Asubuhi moja, mwali ukiwa umekaribia kuwaka kweli, skrini ikaganda, programu ikatoweka, na chini ya kitambaa cheusi pakasikika mlio mdogo wa furaha. Kifaru alikuwa amepata masasisho. Kazi yote ya asubuhi hiyo, ambayo alikuwa hajaihifadhi, ikaenda nayo.

Hakupiga kelele. Aliweka mikono mapajani, na hilo lilinitisha zaidi. Kisha akasema, "Niitie Daktari."

Daktari ni dada mwenye duka la kutengeneza kompyuta mtaa wa pili. Anavaa koti jeupe, na mteja akimletea mashine humuuliza, "Inauma wapi?" Alikaa mezani, akanyanyua kitambaa, akaguna.

"Mama, huyu hakufai. Si kwamba ni mbaya. Huyu ni wa ofisi kubwa, yeye asichokijua anakipiga rungu. Wewe kazi yako yote ni vitu asivyovijua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtoe, ubaki na ile kinga iliyokuja na kompyuta yenyewe. Kwa mtu wa nyumbani inatosha, mradi uiache ijisasishe na usibonyeze kila kinachometameta."

"Si kuna za bure?"

"Zipo. Zitakuimbia matangazo mpaka uchoke. Kila ukikaa, nunua hiki, ongeza kile. Kuna nyingine ya kulipia, nyepesi, ukiiambia 'hiki changu usikiguse' inasikia. Au tubadilishe mfumo mzima wa kompyuta, tuweke ule wa bure, virusi vingi haviujui. Ila huko programu yako ya kudarizi itawaka kwa kubembelezwa, na siku nyingine itakununia."

Mama Nembo alifikiri. "Na hakuna njia ya kumwacha Kifaru alipo, ila asile?"

"Hiyo si njia, Mama. Hiyo ni ndoa."

Tulicheka wote watatu, lakini Daktari alipojaribu kumtoa, Kifaru akadai nenosiri. Nenosiri alikuwa nalo Baba Pacha.

"Mpigie," Daktari akasema.

"Nimpigie mkwe wangu nimwambie, naomba ufunguo nikutoe nje?"

"Basi tumlaze kwa muda. Kulala haombi nenosiri."

Akamlaza. Kijisanduku chekundu kikawa cha kijivu, kompyuta ikavuta pumzi, programu ikafunguka mara moja kama dirisha lililopakwa mafuta. Daktari akaenda zake. Mama Nembo akaanza mwali upya, na mkono ulikuwa unaukumbuka. Ulipanda haraka kuliko asubuhi. Akawa anaimba chinichini.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake, na Mama Nembo, ambaye mikono yake ilikuwa kazini, akaweka sauti ya nje.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya nini wapi?"

"Baba Pacha amepata ujumbe kwenye simu yake. Eti 'Kifaa MAMA kimeachwa wazi.' Tulikuwa tunakula, ameacha sahani."

Mama Nembo akanitazama. Mimi nikatazama dari. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba Kifaru ana mdomo.

"Mwambie umeme ulikatika."

"Umeme ukikatika kompyuta inazimika, Mama, haiachwi wazi."

"Basi mwambie nilikuwa nafagia, nikagusa kitu."

"Ulikuwa unafagia kompyuta?"

Kwa nyuma ikasikika sauti ya mwanamume, ya adabu na ya wasiwasi. "Muulize kama ameona ujumbe wowote wa ajabu."

"Anauliza kama..."

"Nimemsikia. Mwambie sijaona."

"Anasema hajaona."

"Mwambie amwashe tu, abonyeze pale pa kijani."

"Anasema..."

"Nimesikia!"

Mama Nembo alibonyeza pale pa kijani kwa mkono wake mwenyewe. Kijisanduku kikawa chekundu, programu ikapotea, na mwali wa moto ukaondoka nao, safari hii umehifadhiwa lakini hauwezi kufunguliwa, kwa maana Kifaru alikataa sasa hata kuapiwa.

"Anasema ahsante, Mama," binti akasema. "Anasema sasa uko salama."

Simu ilipokatika alikirudisha kitambaa cheusi mahali pake. "Nimemdanganya mkwe wangu," akasema. "Kwa ajili ya mnyama wa kuchora." Kisha akanigeukia. "Wewe umezunguka kote. Huko kwingine watu huwaambiaje wakwe zao?"

"Wengine huwaambia usoni. Wanagombana, wanapatana."

"Na wanapatana kweli?"

"Mara nyingine."

"Mara nyingine hainitoshi. Nina mtoto mmoja tu."

Kesho yake mchana mashine ilikuwa inadarizi nembo za hoteli, ambazo zilikuwa kwenye flashi tangu zamani na hazikuhitaji ruhusa ya Kifaru. Mimi nilikuwa nakata nyuzi za nyuma kwa kimkasi, kazi ambayo kila mpangaji wa nyumba ile hupewa mapema au baadaye. Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Baba Pacha, peke yake, na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Wazima huko?"

"Wazima. Nilikuwa napita, nikasema niiangalie ile kompyuta. Ule ujumbe wa jana haukunikaa vizuri."

Alikaa kochi la mlangoni. Ni mtu mrefu, mwembamba, anayejikunja anapokaa kama anaomba radhi kwa urefu wake. Mama Nembo aliendelea kuitazama sindano. Kisha akanyoosha mkono, akaizima mashine, katikati ya nembo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Baba Pacha, jana umeme haukukatika."

"Najua, Mama."

"Wala sikuwa nafagia."

"Hilo pia nilijua."

"Nilimlaza Kifaru wako kwa kutaka. Anakula kazi yangu. Si jana tu. Tangu umemweka anakula, nami namtapisha, anakula tena. Nina nembo ya zimamoto imefungwa humo na kamanda ananipigia kila saa. Nimejaribu kuvumilia, baba. Nimeshindwa."

Kijana aliuweka chini ule mfuko wa machungwa. Aliinuka, akaenda mezani, akakiona kile kitambaa, akakinyanyua. Alikitazama kijisanduku chekundu kwa muda, na masikio yake yakaanza kuiva.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mara ya mwisho niliposema neno juu ya mambo yako uliacha kula kwangu."

Hapo nilitamani ningekuwa uani, lakini kutoka kungekuwa kelele zaidi kuliko kukaa.

"Mama Pacha aliniambia hulikumbuki lile neno," akasema.

"Alikudanganya ili apate usingizi. Nalikumbuka. Lilinitoka, na lilikuwa baya, na ulikuwa mgeni nyumbani kwangu. Nisamehe, baba."

Alivuta kiti, akakaa, akawa anaongea na skrini kuliko na mama mkwe wake.

"Halikuwa uongo, Mama. Kazini wanatufundisha hivyo hivyo: mteja asipoogopa hanunui. Lakini wajomba zangu walikuwa wamekaa pale. Nilikuwa nimewaambia nina kazi ya maana. Tulivyorudi kwenye gari, njia nzima wananiita Muuza Woga. Hadi leo mmoja ananiita hivyo."

"Yupi?"

"Yule mnene."

"Mwambie aje nimshonee mdomo."

Akatabasamu kidogo, akaacha. Aliandika nenosiri, kidole kikasita juu ya kitufe. "Kuna jambo jingine," akasema. "Mimi kwangu sina Kifaru."

"Eti?"

"Nilimtoa. Kompyuta ilikuwa inakwenda kama inasukumwa. Pacha wakitaka kufungua masomo yao, mpaka ifunguke wameshagombana. Natumia ile kinga iliyokuja na kompyuta, basi."

"Na wangu unaendelea kumlipia kila mwaka!"

"Ningesemaje na mimi? Nikwambie ile zawadi niliyokuletea mwenyewe imenishinda?"

Mama Nembo alicheka mpaka akashika meza. Baba Pacha hakucheka. Nadhani alikuwa anahesabu moyoni asubuhi zote ambazo mwanamke huyu alikaa hapo akiapa kwamba anaielewa hatari, kwa ajili yake. Alipobonyeza kitufe, Kifaru akauliza kama ana uhakika, kwani atakuwa hatarini.

"Jibu wewe, Mama."

Akajibu. Kifaru akauliza tena. Akajibu tena. Mwisho akataka kujua sababu ya kuondolewa, achague moja: ghali, nzito, nimepata nyingine.

"Ya 'mkwe amekubali' iko wapi?"

"Hawajaiweka, Mama. Chagua nzito."

Lakini mtu wa bima ni mtu wa bima. Kompyuta ilipojiwasha upya, hakukubali kuiacha tupu. Aliiamsha ile kinga ya ndani, akaionyesha folda ya nembo na programu ya kudarizi, akaiambia zisiguswe. Kisha akatoa mfukoni diski ndogo ya nje.

"Humu tutaweka nakala za kazi zako zote. Ukimaliza kunakili, unaichomoa, unaiweka kabatini."

"Kwa nini niichomoe? Ikae hapo hapo."

"Ikikaa hapo, kirusi kikija kinakula vyote viwili. Na barua pepe za watu usiowajua usifungue."

"Hata zikisema nimeshinda?"

"Hasa zikisema umeshinda."

"Na kama nimeshinda kweli?"

"Mama!"

Alipandisha sauti, akashtuka mwenyewe. Mama Nembo wala hakujali. Aliniambia baadaye kwamba jambo hilo lilimfurahisha. Alikuwa ameshaifungua programu, mwali wa moto umejaa skrini, na kwa raha ile ulimi ukateleza kama kawaida yake.

"Umeanza tena kuniuzia woga."

Kimkasi kilisimama mkononi mwangu. Niliuona uso wa Mama Nembo ukibadilika, alipolisikia neno lake mwenyewe.

Baba Pacha aliigeuza ile diski mkononi. "Huu ni wa bure, Mama," akasema.

Akapiga magoti, akajipenyeza nyuma ya meza kutafuta tundu la kuchomeka. Mama Nembo alishusha pumzi, akainakili nembo ya zimamoto kwenye flashi, akaiwasha mashine, na ngazi ikaanza kutokea kwenye kitambaa, kisha bomba. Wakwe wawili wakawa wanasemeshana kwa kupaza sauti juu ya mngurumo, kijana chini ya meza, mama juu, wakibishana kama diski inawekwa kabati la vyombo au la nguo. Kamanda alichukua mzigo wake kesho yake, akalalamika kwamba mwali ni mzuri mno, vijana wake wataupenda moto.

Hayo yalikuwa ya kesho. Alasiri ile, Baba Pacha alipoinuka kutoka chini ya meza, kitambaa cha ndani cha koti lake kilikuwa kimening'inia nje, kimefumuka kuanzia kwapani hadi kiunoni, na kilikuwa kimeshikizwa kwa pini za karatasi za ofisini. Ni koti analowaendea wateja. Alikirudisha ndani upesi, lakini mbele ya fundi hakuna upesi wa kutosha.

"Vua hilo koti."

"Hapana, Mama, ni cha ndani tu, hakionekani."

"Vua."

Alilivua. Akabaki na shati, hajui mikono aiweke wapi, naye Mama Nembo alilipindua lile koti juu ya magoti yake, akazichomoa pini moja moja, akitikisa kichwa kwa kila pini.

"Nishone kwa uzi gani?"

"Wowote, Mama. Rangi yoyote."

"Hakuna rangi inayoitwa yoyote," akasema, akamwelekeza kwa kidevu kwenye kabati la nyuzi. "Nenda kachague mwenyewe."